Roosevelt: Mwindaji wa Juja aliyesaidia kuokoa kandanda ya Marekani

WASAFIRI wanaotoka Nairobi kuelekea Thika hupita Ruiru, kisha Juja, na wengi wao hawajui kwamba katika nyanda hizo, mnamo Mei 1909, alipokewa mgeni aliyekuwa ameondoka Ikulu ya Marekani yapata miezi miwili tu awali.

Mgeni huyo alikuwa Theodore Roosevelt, rais wa 26 wa taifa hilo. Wakenya wanaomfahamu humkumbuka kwa bunduki yake na kwa wanyama aliowaangusha. Wamarekani nao humkumbuka kwa mengi, na miongoni mwa hayo ni vita alivyovipigania ambavyo havikuwa vya silaha, navyo ni vya kubadilisha sheria za mchezo uliokuwa ukiwaua vijana wa vyuo vikuu.

Mabadiliko hayo yaliupa mchezo wa kandanda ya Kimarekani sura mpya. Aliyekuwa akitegemewa kwa uzito wa mwili alipoteza nafasi, naye aliyejaliwa mkono wa kurusha mpira mbali na kwa shabaha akaanza kutafutwa. Hata hivyo, haikuwa kazi rahisi, wala sifa zake si za mtu mmoja.

Roosevelt alizaliwa Oktoba 27, 1858 jijini New York katika familia iliyojiweza. Alikuwa mtoto dhaifu aliyesumbuliwa na pumu kiasi cha wazazi wake kukesha naye usiku. Macho yake pia yalikuwa mabovu, na ilichukua miaka kabla ya kupata miwani iliyomwezesha kuona vyema.

Baba yake alimhimiza kuujenga mwili wake kwa mazoezi, na kijana huyo akauchukua wosia huo kama agizo la maisha. Alinyanyua vyuma, akajifunza ndondi, akapanda farasi na kupiga makasia. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1876, alishiriki mashindano ya ndondi, ingawa uoni hafifu ulimzuia kucheza kandanda.

Pengo hilo huenda ndilo lililomfanya auenzi mchezo huo kupita kiasi. Aliamini kwamba kijana aliyezoea kugongana na wenzake uwanjani angekuwa mtu mzima jasiri. Katika vita vya Cuba mwaka wa 1898, kikosi chake cha wapanda farasi kilikusanya wachunga ng'ombe wa magharibi pamoja na wanamichezo wa vyuo, wakiwemo wachezaji wa kandanda.

Maisha yake ya nyumbani hayakukosa majonzi. Februari 14, 1884, mkewe na mama yake mzazi walifariki siku moja, katika nyumba moja. Roosevelt alikimbilia nyika za Dakota kufuga ng'ombe na kuwinda kabla ya kurejea katika siasa na kuoa tena.

Alipanda ngazi haraka. Alikuwa gavana wa New York, kisha makamu wa rais, na Septemba 1901, Rais William McKinley alipouawa, Roosevelt aliapishwa akiwa na umri wa miaka 42. Hakuna aliyewahi kuwa rais wa Marekani akiwa kijana kumzidi.

MJADALA WA WARUSHAJI

Wamarekani wa enzi hiyo hawakuwa wageni wa mabishano kuhusu sheria za michezo. Besiboli, mchezo wao wa taifa ambao una udugu na kriketi, ulikuwa umebadilishwa mara kadhaa, na aliyeguswa zaidi kila mara alikuwa mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira.

Roosevelt alipokuwa mwanafunzi, mrushaji wa besiboli alitakiwa kuutupa mpira mkono ukiwa chini, akiwa umbali wa futi 45 kutoka kwa mpigaji. Mwaka wa 1881 umbali huo uliongezwa hadi futi 50. Mwaka wa 1884 ligi kuu ya wakati huo iliwaruhusu warushaji kuupandisha mkono juu ya bega, na kasi ya mpira ikaongezeka mno.

Wapigaji walilemewa. Malalamiko yalipozidi, wenye ligi waliamua mwaka wa 1893 kwamba mrushaji asisimame tena ndani ya kisanduku kilichochorwa ardhini, bali aukanyage ubao ulio futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji, yaani mita 18.44. Umbali huo haujabadilika hadi leo.

Matokeo yalionekana papo hapo. Mwaka wa 1892 wapigaji wa ligi hiyo walikuwa wakifaulu kwa wastani wa mara 245 katika kila majaribio 1,000. Kufikia mwaka wa 1894 walikuwa wakifaulu mara 309. Baadhi ya warushaji walififia kwa kuwa mipira yao ya kupinda haikupinda tena pale walipozoea. Wengine, kama Cy Young, walijirekebisha wakadumu. Yeye alistaafu akiwa na ushindi wa mechi 511, idadi ambayo hakuna aliyeifikia.

Hata pale Harvard, husimuliwa kwamba mkuu wa chuo, Charles Eliot, hakupendezwa na mrushaji aliyepindisha mpira, akiona kwamba kumhadaa mpinzani ni jambo lisilomfaa muungwana. Eliot huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa mpinzani mkubwa wa kandanda, akitaka ipigwe marufuku kabisa.

Roosevelt mwenyewe hakuvutiwa sana na besiboli, licha ya wakuu wa mchezo huo kumpa kibali cha dhahabu cha kuingia viwanjani mwaka wa 1907. Moyo wake ulikuwa kwenye kandanda.

VIFO UWANJANI

Kandanda ya Kimarekani ya miaka hiyo haikufanana na hii inayoonekana siku hizi kwenye runinga. Mpira haukuruhusiwa kurushwa mbele. Timu ilipewa majaribio matatu ya kusonga yadi tano, na njia ya hakika ilikuwa kumzunguka mwenye mpira, kushikana mikono na kumsukuma kupita katikati ya wapinzani kwa nguvu za miili.

Mbinu mashuhuri kuliko zote ilikuwa ya kabari, iliyotumiwa na Harvard dhidi ya Yale mwaka wa 1892. Wachezaji walijipanga kama ncha ya shoka na kukimbia kwa kasi dhidi ya mpinzani mmoja. Kabari hiyo ilipigwa marufuku mwaka wa 1894, lakini mbinu nyingine za kusukumana kwa wingi zilibaki. Wengi walicheza bila kofia za kujikinga. Ngumi, mateke na kukanyagana chini ya rundo la watu yalikuwa mambo ya kawaida, na waamuzi hawakuyaona yote.

Msimu wa mwaka wa 1905 magazeti ya Marekani yalihesabu vifo visivyopungua 18, wengi wa marehemu wakiwa wanafunzi wa shule na vyuo. Wazazi walilia, nao wahadhiri wakadai mchezo ufutwe.

Roosevelt alikuwa ametoka tu kuzipatanisha Urusi na Japani, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1906. Mkataba wa kumaliza vita hivyo ulitiwa saini Septemba 5, 1905. Wiki tano baadaye, Oktoba 9, aliwaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vitatu vilivyotawala mchezo huo, yaani Harvard, Yale na Princeton.

Rais hakutaka kandanda ifutwe. Alichotaka ni kuondolewa kwa ukatili na hila, kwa kuwa alihofia kwamba bila marekebisho wapinzani kama Eliot wangepata ushindi. Isitoshe, alikuwa na sababu ya nyumbani. Mwanawe mkubwa, Ted, alikuwa katika timu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Harvard, na Novemba mwaka huo aliumizwa pua katika mechi dhidi ya wenzao wa Yale.

Mkutano wa Ikulu ulizaa ahadi tu. Wajumbe waliahidi kuziheshimu sheria zilizopo kwa maandishi na kwa moyo, lakini mechi ziliendelea kama kawaida. Novemba 25, 1905, Harold Moore, mchezaji wa chuo cha Union, alifariki baada ya kuumia kichwani akicheza dhidi ya Chuo Kikuu cha New York.

Kifo hicho ndicho kilichojaza kibaba. Mkuu wa chuo cha New York, Henry MacCracken, aliitisha mkutano wa vyuo vingine, na mwishoni mwa Desemba wajumbe wa vyuo zaidi ya 60 walikutana na kuunda chombo kipya cha kusimamia mchezo. Chombo hicho ndicho kilichoitwa NCAA kuanzia mwaka wa 1910, nacho husimamia michezo ya vyuo vya Marekani hadi leo.

Kwa hiyo si haki kumvika Roosevelt taji peke yake. Alichofanya ni kuweka uzito wa Ikulu nyuma ya waliotaka mabadiliko, ikawa vigumu kwa wakongwe wa mchezo kujifanya hawasikii.

MKONO DHIDI YA MISULI

Mabishano ya mapema mwaka wa 1906 yalikuwa makali. Walter Camp wa Yale, aliyeheshimiwa kama baba wa kandanda hiyo, alikubali timu itakiwe kusonga yadi 10 badala ya tano, lakini hakuipenda pasi ya mbele. Wengine walipendekeza uwanja upanuliwe ili wachezaji watawanyike. Husimuliwa kwamba pendekezo hilo liligonga mwamba kwa sababu uwanja wa Harvard, uliofunguliwa mwaka wa 1903, ulikuwa umejengwa kwa saruji na usingeweza kupanuliwa.

Hatimaye pasi ya mbele ikahalalishwa. Aidha, muda wa mechi ulipunguzwa kutoka dakika 70 hadi 60, na eneo la kutenganisha pande mbili kabla ya mpira kuanza likawekwa.

Septemba 5, 1906, katika mji wa Waukesha jimboni Wisconsin, Bradbury Robinson wa Chuo Kikuu cha Saint Louis alirusha pasi ya kwanza halali. Mpira ulianguka bila kudakwa, na kwa mujibu wa sheria wapinzani wakaupata. Baadaye katika mechi hiyo Robinson alirusha tena, mwenzake Jack Schneider akadaka, na Saint Louis ikashinda kwa alama 22 kwa 0.

Tukio hilo linaonyesha jinsi waliotunga sheria walivyomwogopa mrushaji hata walipomkaribisha. Alipaswa kusogea yadi tano kando ya mahali mpira ulipoanzia. Pasi ikianguka bila kuguswa, timu yake iliupoteza mpira. Mpira wenyewe ulikuwa mnene, ukijaa kiganja vibaya. Makocha wengi waliiona pasi kama kamari, wakaendelea kusukumana.

MGENI WA JUJA NA KAMITI

Roosevelt aliondoka madarakani Machi 4, 1909 na wiki chache baadaye akapanda meli kuja Afrika. Alifika Mombasa Aprili 21 akiwa na mwanawe Kermit, aliyekuwa na umri wa miaka 19, pamoja na wataalamu wa taasisi ya Smithsonian waliotaka vielelezo vya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Washington.

Baada ya kupanda reli hadi nyanda za Kapiti, msafara uliingia Juja, katika shamba la William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka wa 1872 katika jiji la St. Louis, lile lile lenye chuo kilichorusha pasi ya kwanza. Shamba hilo lilikuwa ukingoni mwa nyanda za Athi, karibu na mto Ruiru.

Thika ya wakati huo haikuwa mji. Reli ilikuwa haijafika, na hoteli ya Blue Posts iliyo karibu na maporomoko ya Chania ilikuwa changa. Ardhi iliyotumiwa na Wakikuyu na Wamaasai ilikuwa imeanza kukatwa na kugawiwa walowezi, jambo ambalo Roosevelt, kama Wazungu wengi wa enzi yake, aliliunga mkono katika maandishi yake bila kuwauliza wenyeji.

Huko Juja aliwinda kiboko na wanyama wengine, naye Kermit akamwua chui aliyekuwa amemrarua mmoja wa Waafrika waliokuwa wakiwafurusha wanyama kichakani. Kisha wakaenda katika shamba la Hugh Heatley lililopakana na mto Kamiti, upande wa Ruiru, ambako nyati walijificha katika mafunjo ya kinamasi. Sura mbili za kitabu alichokiandika kuhusu safari hiyo zinahusu sehemu hizo mbili.

Wapagazi, ambao walizidi 200, walimwita Bwana Mkubwa. Kermit, kijana mwembamba aliyependa kukimbia na kupanda farasi, alibatizwa Bwana Maridadi. Majina ya wengi wa wapagazi hao hayakuhifadhiwa, ingawa bila mabega yao msafara usingesonga hata siku moja.

Safari hiyo ilidumu hadi Machi 1910 mjini Khartoum. Vielelezo zaidi ya 11,000 vilikusanywa, kuanzia mimea hadi ndovu. Kwa hesabu yake mwenyewe, baba na mwana waliua wanyama wakubwa na ndege 512, yeye 296 na Kermit 216.

Hapo ndipo wakosoaji wake wanapomshika shati. Akiwa rais, alitenga mamilioni ya ekari za misitu, mbuga na hifadhi za ndege. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka wa 1887, alishiriki kuanzisha klabu ya wawindaji iliyotaka mnyama apewe nafasi ya haki ya kujiokoa. Lakini hesabu ya wanyama 512 ni nzito hata kwa kisingizio cha makumbusho. Mtu aliyewataka wenye nguvu wajizuie uwanjani hakujizuia sana yeye mwenyewe nyikani.

MISIBA YAREJEA

Roosevelt akiwa angali Afrika Mashariki, misiba ilirejea nyumbani. Mwishoni mwa Oktoba 1909, Eugene Byrne, mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, alifariki baada ya kuumia katika mechi dhidi ya Harvard. Vifo vya msimu huo vilizidi 20.

Ilidhihirika kwamba marekebisho ya mwaka wa 1906 yalikuwa nusu ya kazi. Kutakiwa kusonga yadi 10 huku pasi ikiadhibiwa vikali kuliwafanya makocha waendelee kuwasukuma vijana wao kwa wingi. Sheria ilikuwa imefungua mlango wa mrushaji kwa mkono mmoja na kuufunga kwa mwingine.

Mwaka wa 1910 kanuni zilibadilishwa tena. Kumsukuma au kumvuta mwenye mpira kulikatazwa, wachezaji saba wakatakiwa kuwa kwenye mstari wa mbele, na mechi ikagawanywa katika vipindi vinne vya dakika 15. Mwaka wa 1912 timu zilipewa majaribio manne badala ya matatu, kikomo cha yadi 20 kilichokuwa kimewekewa pasi kikaondolewa, na mchezaji akaruhusiwa kudaka pasi ya mbele nyuma ya mstari wa bao.

Matunda yalionekana Novemba 1, 1913, pale Notre Dame, chuo ambacho mashariki mwa nchi hakikutajwa sana, kilipoilaza Jeshi kwa alama 35 kwa 13. Gus Dorais alirusha pasi 17, na 14 kati yake zilidakwa, baadhi na Knute Rockne. Wasichana na wavulana wanaotazama fainali za kandanda hiyo leo, na kuona jinsi mrushaji anavyolipwa kuliko wenzake wote, wanatazama mavuno ya mabishano hayo.

Mwaka huo Roosevelt hakuwa tena na usemi serikalini. Alikuwa ameshindwa katika uchaguzi wa 1912, alipowania kwa chama kipya na kupigwa risasi kifuani mjini Milwaukee akielekea kuhutubia. Alihutubia akiwa na risasi mwilini. Safari ya mto katika misitu ya Brazil mwaka wa 1914 ilimrudisha na homa ambazo hazikumwacha kabisa.

Pigo la mwisho lilikuwa Julai 14, 1918, mwanawe kitinda mimba, Quentin, alipouawa akirusha ndege ya kivita nchini Ufaransa. Roosevelt aliyekuwa akiwahimiza vijana kutoogopa hatari alizeeka ghafla. Alifariki usingizini Januari 6, 1919 nyumbani kwake Sagamore Hill, akiwa na umri wa miaka 60.

Mwaka mmoja baadaye, besiboli nayo ilimgeukia tena mrushaji. Mapema mwaka wa 1920 mpira uliopakwa mate ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa warushaji wachache waliokwisha kuutegemea kwa riziki yao. Agosti mwaka huo Ray Chapman wa Cleveland alifariki baada ya kugongwa kichwani na mpira uliorushwa na Carl Mays, na waamuzi wakatakiwa kuondoa uwanjani mipira iliyochakaa na kuchafuka, isiyoonekana vyema na mpigaji.

Mwenyeji wake wa Juja, McMillan, alifariki mwaka wa 1925 na kuzikwa kwenye mteremko wa Kilimambogo, mlima unaoonekana kutoka Thika. Jina lake limebaki kwenye maktaba ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 1931.

La Roosevelt halikubandikwa popote katika barabara ya Ruiru na Thika. Nyati wa Kamiti wametoweka, na mahali pa mafunjo pamejaa mashamba, nyumba na gereza. Lakini swali lililompeleka mezani mwaka wa 1905 lingali linaulizwa kila msimu, sasa kuhusu majeraha ya ubongo ya wachezaji waliostaafu: ni nani atakayebadilisha sheria, na ni vijana wangapi wataumia kabla hajabadilisha?